Mgane Mwenye Mke Hai

Chang'ombe, Temeke
11 Februari 2024

Mjukuu wangu Nusaiba,

Asalaam aleikum. Barua yako ameniletea yule muuguzi mwenzako aliyekuja likizo, Genoveva, pamoja na soksi za sufu. Nimezivaa papo hapo, na jasho la Februari likinitiririka, Farida, huyu mjukuu wa Anwar anayeniuguza, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema nimekuwa mzungu wa miguu. Mwambie mwenzako tumefurahi kumwona, ila amekula kidogo mno.

Sisi hatujambo. Babu yako Anwar anakuja kila Ijumaa baada ya sala, anakunywa chai yangu na kuisema vibaya. Farida kapata kibarua kiwanda cha mabati na anarudi kachoka, lakini hajawahi kunilaza bila kuniogesha. Mimi moyo umekuwa mkubwa, ndivyo alivyosema daktari, na nilidhani ananisifu. Miguu inavimba, usiku nalala nimeegemea mito mitatu kama biharusi. Nina miaka sabini na tisa. Sioni ajabu.

Umeuliza kwa nini sitaki tuzungumze kwa simu. Masikio yangu hayaelewani na simu, na simu yenyewe ni ya Farida. Ujumbe wako akiufungua anausoma kwa sauti kuanzia sebuleni mpaka uani. Mambo ya ukoo hayasomwi hivyo. Niandikie, hata kama posta inachukua wiki nne.

Sasa hilo la baharia. Unasema umefika Ireland kufanya kazi ukakumbuka kwamba baba yake bibi yako Zubeda alitoka huko, na unataka kumtafuta katika madaftari yao. Nakuambia ninayoyajua, nayo si mengi.

Aliitwa Denisi Hallahan. Alikuwa fundi wa mitambo melini. Alishuka bandarini hapa kabla ya vita, akaugua homa, meli ikamwacha. Alisilimu, akaitwa Idrisa, akamwoa mama yangu Mwanaasha, yeye akimwita Asha, pale mtaa wa Gerezani mwaka 1938, na mwaka uliofuata akazaliwa dada yangu Zubeda. Vita vilipokuja alirudi baharini. Mwaka 1942 zilifika habari kwamba meli yao imezamishwa. Mama alikaa eda, miezi minne na siku kumi, kwa ajili ya mtu ambaye hata nguo yake hakurudishiwa. Baadaye akaolewa na baba yangu, Mzee Mwishehe, mpakuzi wa mizigo bandarini, wakanizaa mimi, kisha Anwar. Kwa hiyo mimi na Zubeda ni mama mmoja, baba mbalimbali, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kutaja hesabu hiyo.

Basi, ni hayo tu. Bahari ilimchukua. Ukitaka kumwombea mwombee, lakini usipoteze siku zako za mapumziko katika vumbi la makaratasi.

Bibi yako,
Mwamvita Mwishehe


Cork
30 Machi 2024

Bibi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta na mafua, nikaisoma kitandani mara tatu. Nimecheka kuhusu moyo mkubwa, halafu nikaacha kucheka, maana mimi ni muuguzi na najua maana yake. Unazimeza zile dawa za kutoa maji? Zote mbili, asubuhi? Mwambie Farida apime miguu yako kwa kamba kila Jumamosi aandike.

Huku ni mvua tu. Wodi yangu ni ya wazee, na wazee wa hapa ni kama wa kwetu, wote wanataka uwasikilize ukiwa umeshika beseni. Nilipomwambia mmoja kwamba babu mzaa bibi yangu alikuwa Hallahan, akaniangalia rangi, akaniangalia tena, akasema, "Basi wewe ni wa kwetu, mbona hunijui?" Ndiye aliyenielekeza nianzie Cobh, mji wa bandari, nusu saa kwa treni.

Bibi, makaratasi ya huku hayana vumbi. Mengi yako kwenye kompyuta. Nimempata akibatizwa mwaka 1909, jina la mama yake lipo, la baba yake lipo, hata la mwanamke aliyemshika. Nimempata kwenye daftari la mabaharia lina picha yake. Ana masikio ya Bibi Zubeda, yale yaliyotoka nje. Nililia pale pale mbele ya karani, akaniletea maji.

Lakini kuna jambo sielewi. Nimeona orodha ya watu wa meli ile iliyozama 1942. Kuna waliokufa na kuna waliookolewa. Denis Hallahan yuko kwa waliookolewa. Wameandika kuwa aliteremshwa Freetown, Afrika Magharibi, nyonga imevunjika, akalazwa miezi saba, kisha akarudishwa kwao.

Labda waliandika kimakosa. Au labda aliishi, asijue pa kuandikia. Nyumbani hakuna aliyewahi kupata barua yoyote kutoka huku? Bibi Zubeda alinilea mie tangu nina miaka minne na hakuwahi kusema. Wewe ndiye uliyekuwa unasoma na kuandika nyumba ile, ndiyo maana nakuuliza wewe.

Nakubusu mikono.

Nusaiba


Chang'ombe
2 Juni 2024

Mjukuu wangu,

Aleikum salaam kwa salamu ulizoandika na ulizosahau. Nimechelewa. Nililazwa siku tisa mwezi wa Aprili, mvua zikinyesha, maji yakaingia sebuleni na mapafuni mwangu wiki moja. Sebule imekauka kwanza. Dawa nameza, miguu inapimwa kwa kamba ya viatu, Farida anaandika kwenye kalenda ya duka la mbao. Umekwisha kutupa kazi ya wodini na sisi.

Wale jirani zetu wa karakana ya fanicha wamepata mashine mpya ya kupigia randa, basi kuanzia asubuhi ni mlio tu. Mimi na uziwi wangu tunafaidi. Petro, fundi wao, kanitengenezea kibao cha kuegemea kitandani niweze kuandika. Hakutaka chochote, anasema nilimfundisha darasa la tano na kumchapa bila kosa. Simkumbuki. Nimemwomba radhi, kwa sababu yawezekana.

Picha uliyoituma kwa simu ya Farida nimeiona. Ndiyo, masikio ni hayo.

Kuhusu orodha, makaratasi ya vita hukosewa. Watu wawili huweza kuwa na jina moja. Nimesahihisha madaftari ya shule miaka thelathini na nne, najua jinsi jina la mfu linavyobaki likiitwa "yupo" kwa sababu ya uvivu wa mtu mmoja.

Usiendelee, Nusaiba. Nakuomba kama bibi, sikuamuru.

Mwamvita


Cork
19 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Sikukusikiliza, na naomba unisamehe kwa hilo kabla hujasoma mengine. Keti kwanza.

Nimepata cheti cha kifo. Denis Hallahan, fundi wa mitambo mstaafu, amefariki Cobh, Novemba 1971. Si mtu mwingine, mama yake ni yule yule wa kwenye ubatizo, na nyonga iliyovunjika imeandikwa. Bibi, mtu huyu aliishi miaka ishirini na tisa baada ya kukaliwa eda.

Pale penye hali ya ndoa hawakuandika kapera. Wameandika mgane. Nilimwambia karani, huyu hakuoa tena, nimetafuta, hana ndoa nyingine. Akasema, "Basi ni mgane wa huyo wa kwanza." Nikamwambia huyo wa kwanza alifariki 1984, nina picha za mazishi yake. Mtu anakuwaje mgane wakati mke yuko Temeke anauza vitumbua?

Nikaenda kaburini. Lina msalaba, jina la Idrisa halipo. Chini ya jina lake wameandika "na mkewe Asha na binti yake Zubeda, waliotangulia, Dar es Salaam, 1959." Bibi Zubeda alinisuka nywele siku naanza sekondari. Nimesimama mbele ya kaburi lake Ireland.

Mlinzi wa makaburi akanielekeza kwa mwanamke anayeyapalilia. Anaitwa Bi Nora, mtoto wa mpwa wake, ana miaka themanini na moja. Alinipa chai, halafu akaleta kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na kitambulisho chake cha baharia, kofia ya kiua iliyoliwa na nondo, na barua moja kutoka Tanganyika ya Agosti 1959. Alisema mjomba alikuwa akiisoma kila mwaka siku hiyo hiyo, halafu hali kitu.

Imeandikwa kwa Kiingereza cha shule. Inasema, "Bwana, nasikitika kukuarifu kwamba Asha na mtoto wake Zubeda walifariki kwa ndui. Tafadhali usije, hakuna mtu hapa. Mimi ni mtoto wa jirani. Hii ni alama ya kidole cha mama yangu, aliyewazika." Na chini kweli pana alama ya dole gumba, wino wa buluu.

Bibi, nina barua zako tangu nikiwa bweni Korogwe. Unaandika herufi ya g kama sindano iliyopinda. Hakuna mtu mwingine duniani anayeiandika hivyo.

Ni wewe? Na kama ni wewe, lile dole gumba ni la nani?

Nusaiba


Chang'ombe
28 Septemba 2024

Nusaiba,

Asalaam aleikum. Wote ni wazima. Sina habari nyingine za kukuandikia leo.

Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Barua yake ilifika mwezi wa Agosti, imeandikwa anwani ya Gerezani, nasi tulikwisha kuhama zamani kuja huku. Jirani mmoja wa kule akaitunza, akaileta siku aliyokuja kwenye harusi. Mama alisoma chuoni, alijua Kurani na herufi za Kiarabu, lakini Kiingereza hakukijua. Msomaji wa nyumba nilikuwa mimi. Kila karatasi iliyoingia, ya bandari, ya serikali, ya hospitali, ilikuja mikononi mwangu, na nilichosema mimi ndicho kilichoandikwa. Hujui jinsi jambo hilo linavyomlevya mtoto.

Mama alikuwa kwenye mkeka, anachagua mchele. Akasema, "Hebu tuone, nani tena katukumbuka."

Nilisoma kimya. Alikuwa hai. Alikuwa anachechemea, hakupata meli kwa miaka mingi, alikuwa amekunywa pombe na kuiacha. Alisema aliandika mara mbili baada ya vita, hakujibiwa. Sasa kuna meli ingemchukua kama mpishi mwezi wa Desemba. Akaomba jambo moja tu, aambiwe kama mkewe na mwanawe wapo, naye aje.

Sasa nisikilize. Mwezi ule ule, chuoni, mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba mwanamke mwenye mume hai haolewi na mwingine, na aliyeolewa hivyo ndoa yake si ndoa. Wavulana wakaanza kucheka na kuuliza, "Na watoto je, mwalimu?" Akawafukuza nje kwa fimbo bila kujibu. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa wasichana. Swali lile lilibaki hewani, na mimi nikalijibu mwenyewe, kwa akili ya miaka kumi na minne. Niliposhika barua ile nilimwona baba yangu Mwishehe anatolewa nyumbani, na mimi na Anwar, aliyekuwa na miaka sita, tunaitwa kwa lile neno. Mtaani kwetu neno hilo lilikuwa linamfuata mtu mpaka posa.

Basi nikafungua mdomo nikasoma. Nikasema barua imetoka ofisi ya meli. Wanathibitisha kwamba Denisi Hallahan alikufa maji mwaka 1942, na wanatoa pole.

Mama aliweka ungo chini. Akauliza, "Wameandika alisema neno lolote?" Nikasema hapana, hawakuandika. Akalia kidogo, kwa adabu, kwa sababu mume mwingine alikuwa karibu kurudi kutoka kazini.

Nilidhani yamekwisha. Lakini mama yangu alikuwa mtu wa heshima, huwezi kumletea pole asikushukuru. Akaniambia nichukue karatasi, niwaandikie hao wa ofisi. Akakaa sawa, akafunga kanga yake vizuri kana kwamba wanamwona, akaanza kunitajia maneno. "Waambie nimepokea. Waambie Mungu awalipe kwa kunikumbuka mjane wa watu. Waambie mtoto ni mzima, kakua." Yeye anasema, mimi naandika. Nilikuwa naandika yale uliyoyaona kwenye kopo. Alikuwa anataja uhai wa mtoto wake na mimi naandika kifo chake, kwa kasi ile ile, ili kalamu na sauti zikome pamoja.

Tulipomaliza akasema, "Nitie kidole changu, wajue ni mimi." Nikampaka wino wa shule. Akabonyeza.

Dole gumba ni lake. Mama yangu aliweka sahihi kwenye habari za kifo chake mwenyewe, kisha akanawa mkono, akaendelea na mchele.

Barua ya Denisi niliichoma jikoni.

Mwaka 1978, nikiwa mwalimu mkuu, mwezi wa Ramadhani, nilisikia sheikh akijibu maswali redioni. Mwanamke kauliza jambo kama letu. Sheikh akasema mume akirudi hapo kuna hukumu yake, mke atatengana na wa pili, lakini watoto waliozaliwa kwa nia njema ni wa halali, ni wa baba yao, hawana doa. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nilikuwa nakoroga uji. Ulikuwa umebaki upana wa swali moja tu kati yangu na ukweli, na sikuliuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kusema. Denisi alikwisha kufa wakati ule, nimejua leo kwako. Mama alikuwa hai miaka sita zaidi. Nilimtazama miaka sita yote.

Sijifichi nyuma ya utoto. Mtoto alidanganya siku moja. Mtu mzima ndiye aliyenyamaza miaka sitini na tano.

Daktari hasemi tena kuhusu mwezi ujao, anasema kuhusu wiki hii. Unajua dini yetu. Niliyomkosea Mungu nitamwomba Mungu. Niliyomkosea mtu, Mungu hanisamehe mpaka mtu huyo anisamehe. Denisi hayupo, mama hayupo, Zubeda hayupo. Wa damu yao wote watatu umebaki wewe peke yako. Nakuomba radhi, Nusaiba. Sina pengine pa kuombea.

Mwamvita


Cork
5 Desemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Naandika hivyo kwa sababu ni mkubwa wangu, na nimekaa na karatasi hii tangu Oktoba nikitafuta neno la pili.

Nilimsomea Bi Nora barua yako kwa Kiingereza. Alikwenda akafunga kopo, akalirudisha juu ya kabati, halafu akaniuliza kama nataka chai zaidi. Nilipokuwa naondoka akasema, "Alikuwa amekwisha kununua kiatu kirefu cha ule mguu mfupi, kwa ajili ya safari."

Nimekasirika, Bibi. Kazini nimemkaripia mzee wa watu kwa kumwaga uji. Usiku namfikiria Bibi Zubeda. Kila Idi alikuwa anapika sahani moja zaidi, anasema ya msafiri. Sisi watoto tulikuwa tunaigombania.

Lakini nimefikiri pia juu ya msichana wa miaka kumi na minne, na nina wodi nzima ya watu waliofanya mambo wakiwa wadogo na sasa wanalia nikiwageuza. Nimekusamehe, Bibi. Fungu langu lote mie na la Bibi Zubeda, maana ndiye alinilea na naamini angetoa. Hakuwepo, hakujua, hakuumia kwa kujua. Basi kwa niaba yake nasema radhi.

Meza dawa.

Nusaiba


Chang'ombe
20 Januari 2025

Mjukuu wangu,

Asalaam aleikum. Barua yako ilifika siku ya mwaka mpya. Farida aliniona naibusu akadhani umetuma picha ya mchumba.

Nilimwita Anwar. Sikutaka ayasikie baada yangu, kwa watu. Nikamweleza yote, Farida yupo mlangoni na beseni. Anwar aliikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Kwa hiyo, dada, mie wa halali au?"

"Wa halali."

"Kasema nani?"

"Sheikh. Redioni, mwaka sabini na nane."

"Redioni!" Akacheka, unajua anavyocheka mabega yakipanda. "Mtu mzima miaka sabini na moja, nina wajukuu tisa, leo ndiyo napewa ruhusa ya kuzaliwa. Na redio." Farida naye akacheka. Mimi nikacheka pia, nikadhani tumevuka. Ndipo akasimama, akachukua kofia yake, akasema, "Zubeda ndiye alinibeba mgongoni, si wewe. Wewe ulikuwa na vitabu." Ijumaa tatu zimepita. Hajaja.

Sasa, Nusaiba. Umenisamehe kwa niaba ya bibi yako kwa sababu hakuwepo na hakujua. Uliandika hivyo, na nimelala na maneno hayo kifuani wiki tatu, yananizidi uzito kuliko maji.

Alikuwepo.

Alikuwa na miaka ishirini, amekuja kwa mama kupumzika, baada ya mimba yake ya kwanza, kabla ya mama yako, kuharibika. Alikuwa ameegemea ukuta. Niliposoma ule uongo yeye hakulia. Aliziangalia zile kurasa mbili, zimejaa wino mbele na nyuma, akasema, "Maneno matatu tu, Mwamvita, na karatasi zote hizo?" Nikamwambia Kiingereza ndivyo kilivyo, kina maneno mengi. Yeye hakupelekwa shule. Baba yangu alisema mtoto wa mzungu akisoma atakwenda zake kwa wazungu.

Hakuuliza tena miaka hamsini na miwili. Mwaka 2011, hospitalini, siku mbili kabla hajafariki, wewe ulikwenda kununua barafu. Akanishika mkono akasema, "Sasa niambie. Ile barua ilisema nini?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anaomba kama mtu anayeomba maji. Hakukuwa na Mwishehe wa kumlinda tena, mama hakuwepo, sheikh alikwisha kusema. Sikuwa na sababu hata moja iliyobaki.

Nikamwambia, "Ilisema alikufa maji."

Akaachia mkono wangu. Akageukia ukutani. Ulirudi na barafu ukadhani kasinzia.

Na nilikuambia niliichoma. Sikuichoma. Iko ndani ya jalada la cheti changu cha ualimu. Ndani yake Denisi ameuliza kama Zubeda bado analia akiogeshwa kichwa.

Radhi uliyonipa uliitoa bila kuyajua haya. Siwezi kuzikwa na kitu nilichokipata kwa njia ile ile. Nakurudishia. Barua nitakupa ukija, au nimwachie Farida.

Mwamvita


Cork
17 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Ulichorudisha kimefika. Sikirudishi kwako, wala usiniulize.

Nimepewa likizo. Nafika Jumapili, tarehe 23 Machi, asubuhi. Nitakaa chumbani kwako. Nitakuogesha, nitakupimia miguu, nitakugeuza usiku, kwa sababu ndiyo kazi yangu na kwa sababu wewe ni bibi yangu.

Usimwachie Farida barua, na mimi usinipe mkononi. Siku nikifika tutakwenda makaburini kwa Bibi Zubeda. Ukishindwa kutembea nitakubeba. Utaketi pale kichwani pake, utafungua hizo kurasa mbili, utamsomea kwa Kiswahili, mbele na nyuma, usiruke neno. Mie nitasimama pembeni.

Ukimaliza kusoma ndipo nitajua nina nini cha kukupa. Kama sina, nitakubeba tukarudi nyumbani.

Nusaiba